Poinsetia baada ya Krismasi: ibaki chunguni, ishuke ardhini, au uiage?

Ikifika wiki ya pili ya Januari mapambo yameshafungwa kwenye boksi na mti wa plastiki umerudi juu ya kabati, lakini poinsetia, ule mmea wa chunguni wa rangi nyekundu unaouzwa msimu wa Krismasi, bado iko mezani. Imeanza kudondosha majani ya chini, na hakuna mtu nyumbani anayejua ifanywe nini. Wengine huendelea kuimwagilia kwa huruma hadi ijifie yenyewe mwezi wa tatu. Wengine huichomeka nyuma ya nyumba na kuisahau. Wengine huitupa, kisha wakabaki na kinyongo kama waliomfukuza mgeni.

Njia zote tatu zina watu wake. Kabla ya kuuliza ipi ni rahisi, angalia usiku wa mahali unapoishi: ni mrefu kiasi gani, una giza kiasi gani, na una joto kiasi gani. Mmea huu unaamuliwa na usiku kuliko mbolea au mapenzi ya mwenye nyumba.

Usiku una kazi gani

Yale tunayoyaita maua mekundu ni majani. Ua lenyewe ni vile vifundo vidogo vya njano vilivyojikusanya katikati. Majani ya juu hubadilika rangi pale mmea unapopata usiku mrefu mfululizo. Wanaouotesha kwa ajili ya Krismasi huupa giza la takriban saa 14 kila usiku kwa wiki 8 hadi 10. Mtu akiwasha taa usiku wa manane akitafuta maji ya kunywa, usiku ule kwa mmea umekatika vipande viwili, na ukirudiwa mara kwa mara rangi inachelewa au haiji kabisa.

Ulaya na Amerika Kaskazini mambo yanajipanga yenyewe: kuanzia mwisho wa Septemba usiku unarefuka, Desemba inakuta mmea umeshaiva. Kwetu kalenda hiyo haipo. Nairobi mchana wa Desemba na ule wa Juni unatofautiana kwa kama dakika kumi tu. Dar es Salaam mchana wa Desemba ni kama saa 12 na nusu, na wa Juni ni kama saa 11 na dakika 45. Kwa hiyo kusini mwa Ikweta usiku mrefu zaidi unakuja katikati ya mwaka, na poinsetia iliyoachwa nje bila kuingiliwa huelekea kuwaka wakati huo. Huko Brisbane, Australia, ambako poinsetia ndiyo ua rasmi la jiji, watu wamezoea kuiona nyekundu majira ya baridi yao, mwezi wa sita na wa saba. Anayeishi Mbeya au Songea akisubiri kichaka chake kiwake chenyewe Desemba, anasubiri kinyume cha jua.

Mambo ya kupima

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: usiku na hali ya hewa, kazi inayohitajika, gharama na nafasi, utakachokipata Krismasi ijayo, na nani inamfaa. Suala la utomvu kwa watoto na wanyama nimeliweka mwisho kwa sababu ni lile lile kwa zote.

Kwanza ivuke sikukuu ikiwa hai

Kinachoua poinsetia nyingi mwezi wa Desemba ni maji. Zinauzwa zikiwa zimevalishwa karatasi ya kung'aa, nzuri machoni, ila maji yanayotoka chini ya chungu yanatuama ndani yake na mizizi inaoza. Majani yanalegea, mwenye nyumba anadhani ni kiu, anaongeza maji. Ivue karatasi hiyo, au itoboe chini na uweke kisahani, kisha ukimwage kila baada ya kumwagilia. Njia nzuri ya kujua wakati wa kumwagilia ni kukinyanyua chungu: kikiwa kizito, kiache, kikiwa chepesi na udongo wa juu umekauka ukiugusa, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Iweke karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha. Joto la nyuzi 18 hadi 21 mchana ndilo linaloifurahisha. Upepo wa moja kwa moja, uwe wa kiyoyozi cha Maskati, feni ya Mombasa au mlango unaofunguliwa kwenye baridi ya Toronto, unaiangusha majani kwa siku chache. Mbolea iache mpaka rangi ipite. Unaponunua, chungulia vile vifundo vya njano: vikiwa bado vimefumba na kukaza, mmea ni mchanga na utadumu, vikiwa vimeshapukutika, umeuziwa mmea uliokwisha kufanya sherehe yake.

Ukifika Januari na mmea wenye mashina imara na mizizi myeupe, una uchaguzi wa kweli. Ukiwa na mashina meusi na mizizi ya kahawia inayonuka, nenda moja kwa moja kwenye njia ya tatu.

Njia ya kwanza: ibaki chunguni mpaka Krismasi ijayo

Usiku na hali ya hewa. Njia hii inafanya kazi popote, kwa sababu usiku unautengeneza wewe. Inakwenda vizuri zaidi penye usiku wa ubaridi kiasi, kama Arusha, Nairobi, Iringa au Bukavu. Pwani ina mtihani wake: usiku wenye joto linalozidi nyuzi 24 huchelewesha rangi hata giza likiwa kamili, na boksi lililofunikwa chini ya bati hupika mmea. Huko chagua chumba cha ndani chenye hewa, si stoo.

Kazi. Ni nyingi, ingawa hakuna iliyo ngumu. Mwezi wa tatu au wa nne, rangi ikishafifia, pogoa mashina yabaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Utabaki na vijiti vitupu na kujuta; subiri, vitachipua. Machipukizi yakitoka anza mbolea ya maji iliyozimuliwa kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa sita hamishia kwenye chungu kikubwa kidogo, kisizidi cha zamani kwa zaidi ya sentimita tano hivi, maana chungu kikubwa mno kinashikilia maji. Julai na Agosti kata ncha za matawi ili yatoke mengine pembeni. Mkato wa mwisho usivuke mwanzo wa Septemba. Anayeishi nchi za baridi autoe nje kiangazi na kuurudisha ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 13.

Kisha kinakuja kipindi chenyewe. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hivi, kila siku saa kumi na moja jioni mmea unaingia gizani, na saa moja asubuhi unatoka kwenye mwanga mkali. Boksi kubwa lisilo na mwanya linatosha, au kabati, au bafu lisilotumika. Mwanga wa simu kupitia chini ya mlango ni mdogo, lakini taa ya korido iliyoachwa wazi usiku kucha inatosha kuharibu. Hapa ndipo mgao wa umeme unapopata sifa yake pekee. Mwisho wa Novemba, majani ya juu yakishageuka, unaweza kuacha kufunika.

Watu wengi hushindwa hapa, na sababu ni safari. Wiki moja ya msiba au harusi kijijini, mmea ukiachwa sebuleni chini ya taa, inarudisha kazi nyuma. Kama nyumba yako haina mtu wa kukaimu saa kumi na moja jioni, jihesabu mapema.

Gharama na nafasi. Fedha ni kidogo: udongo, chungu, mbolea. Gharama halisi ni nafasi ya dirishani kwa miezi kumi, kwa mmea ambao kati ya Aprili na Oktoba ni kichaka cha kijani cha kawaida tu.

Krismasi ijayo. Utapata rangi kwa tarehe, ukifuata ratiba. Usitarajie umbo lile lile la dukani. Mimea ya biashara hupewa dawa za kuzuia kurefuka wakati wa kukuzwa, na dawa hizo zikiisha nguvu mmea unarudia asili yake ya kutafuta urefu. Wa mwaka wa pili huwa mrefu zaidi, matawi machache, na mimi binafsi naona unapendeza kwa namna yake.

Nani inamfaa. Mtu wa ratiba, mwenye nyumba ya kupanga au ghorofa, asiyesafiri sana mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Inafaa sana pia kwa watoto wa shule wanaopenda kuona jambo likitokea kwa sababu wamelifanya.

Njia ya pili: ishuke ardhini

Kwao poinsetia ni kichaka. Porini huko Mexico na Guatemala hufika mita tatu au nne. Joel Roberts Poinsett, mjumbe wa kwanza wa Marekani nchini Mexico, aliipeleka South Carolina miaka ya 1820, na chungu cha mezani ni maisha iliyofundishwa baadaye sana. Kwa hiyo kuishusha ardhini ni kuirudisha ilikotoka, mradi hali ya hewa ikubali.

Usiku na hali ya hewa. Inakubali sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kuanzia Lushoto na Moshi hadi Kampala na Goma. Haikubali penye sakitu, ile barafu ya usiku wa baridi kali: Makete na Njombe mwezi wa sita na wa saba, au miinuko ya Kinangop, usiku mmoja tu unaweza kuichoma machipukizi yote. Sehemu kubwa ya Ulaya na ya Amerika Kaskazini njia hii haipo kabisa. Ghuba inawezekana kwenye kivuli cha mchana na maji ya uhakika, ila jua la Julai ni la kuua mmea huu.

Taa nazo zina neno. Pita usiku kwenye nyumba yenye taa ya ulinzi karibu na poinsetia ya uzioni, kisha rudi mchana uitazame: upande unaopigwa na taa umebaki kijani, ule uliojificha nyuma ya ukuta umewaka mwekundu. Kichaka kimoja, mizizi ile ile, usiku aina mbili. Hivyo panda mbali na taa ya geti hata kama getini ndipo pangependeza.

Kazi. Ni kubwa mwanzoni, kisha inapungua. Usiutoe mmea sebuleni na kuupeleka kwenye jua kali siku hiyo hiyo. Uzoeshe kivulini wiki moja au mbili. Panda mvua zinapoanza, masika kwa wengi wetu, kwenye udongo usiotuamisha maji, penye jua angalau nusu siku. Mpe mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani. Msimu wa kwanza mwagilia mvua zikikatika. Baada ya hapo kazi yako ni kupogoa mara moja kwa mwaka, rangi ikishapita. Ukipogoa wiki chache kabla ya msimu wake wa kuwaka, umekata zile ncha ambazo zingegeuka rangi.

Ukipogoa, usitupe matawi yote. Poinsetia ni wa ukoo mmoja na mhogo, na kama mhogo, hupandwa kwa pingili. Chukua ncha changa za sentimita 10 hadi 15, punguza majani, suuza utomvu kwa maji, acha zikauke kidogo, kisha chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kuna siri ndani ya pingili hizo: aina nyingi za kibiashara hutoa matawi mengi kwa sababu zinabeba vijidudu viitwavyo fitoplazima, ambavyo katika mmea huu vinapendwa badala ya kupigwa vita. Pingili huvirithi, mbegu haivirithi. Ndiyo maana kichaka cha kizamani cha uzioni hukua kama fimbo ndefu, na kile kilichotokana na cha dukani hutanuka.

Gharama na nafasi. Karibu bure, ila unahitaji ardhi ambayo ni yako. Kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akitaka kujenga kibanda cha duka mahali pale, kichaka kimeondoka.

Krismasi ijayo. Hapa lazima niseme wazi: hakuna ahadi. Karibu na Ikweta usiku wa mwaka mzima unacheza pale pale kwenye kiwango ambacho mmea unaanza kuchanua, hivyo rangi inaweza kuja wakati wowote, kidogo kidogo. Ukisogea kusini, inakuja zaidi katikati ya mwaka. Kufunika kichaka cha mita mbili kwa turubai kila jioni kwa wiki nane ni kazi ambayo sijaona mtu mwenye akili timamu akiimaliza. Pia aina za chunguni zimezalishwa kwa ajili ya mezani, na si zote zina ubavu wa kustahimili nje. Baadhi hudumaa na kufa bila kosa lako.

Nani inamfaa. Mwenye kiwanja, anayetaka uzio wenye rangi na hajali sana rangi hiyo inakuja mwezi gani.

Njia ya tatu: uiage, ununue nyingine Desemba

Usiku na hali ya hewa. Haikuhusu tena. Huo ndio utamu wake.

Kazi. Saa moja, tena ukijivuta. Kata mashina vipande vidogo, tupa kwenye mboji, osha chungu kwa sabuni ukitunze. Tahadhari ni moja: geuza jani utazame chini. Ukiona inzi weupe wanaoruka ukiugusa mmea, au vidung'ata kama pamba kwenye maungio, usiupeleke mbojini karibu na nyanya na sukuma zako. Ufunge kwenye mfuko na uutoe na taka. Vivyo hivyo kwa mizizi iliyooza.

Gharama na nafasi. Unalipa kila mwaka, lakini dirisha lako linabaki huru miezi kumi na moja. Ukijumlisha mbolea, udongo na majuto, si ajabu ikawa nafuu kuliko njia ya kwanza.

Krismasi ijayo. Mmea mpya, mfupi, umejaa, wa rangi unayotaka: nyekundu, nyeupe, ya waridi. Hakuna njia nyingine inayokupa uhakika huu.

Wapo wanaoona njia hii ni ubadhirifu. Sikubaliani nao sana. Mmea uliokuzwa kwa dawa ili upendeze wiki sita umefanya ulichokusudiwa, na fedha ya Desemba inarudi kwa mwenye kitalu kando ya barabara. Kwa walioko Ulaya kuna jambo la ziada: vipandikizi vingi vya poinsetia zinazouzwa huko hukatwa kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Ethiopia, vikapelekwa kwa ndege vikiwa havijaota mizizi, kisha kumaliziwa kwenye vibanda vyao vya joto. Mashamba hayo ya Ikweta hulazimika kuwasha taa usiku ili mimea mama isichanue. Anayenunua poinsetia Ujerumani kila mwaka huenda ananunua jasho la nyumbani.

Nani inamfaa. Anayesafiri, mwenye dirisha dogo, mwenye mmea mgonjwa, na yeyote anayejijua kwamba hakumbuki kumwagilia.

Utomvu, watoto na mifugo

Sifa kwamba poinsetia inaua mtoto akila jani ni uzushi uliozeeka. Uchambuzi wa taarifa zaidi ya 22,000 zilizopokelewa na vituo vya sumu vya Marekani, uliochapishwa miaka ya 1990, haukukuta kifo hata kimoja. Hata hivyo utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho, na akila mengi mtoto au paka anaweza kutapika. Si mkali kama ule wa mnyaa, jamaa yake wa karibu, ambao jicho lako halitaki kukutana nao. Wenye mzio wa mpira wavae glovu za plastiki wakati wa kupogoa. Kwa anayefuga mbuzi, shida ya njia ya pili ni ya kinyume: kichaka kichanga kitaliwa kabla hakijakutia hasara nyingine.

Uamue kwa hali yako

Kama uko ghorofani Dar es Salaam au Mombasa, joto la usiku linakupinga na ardhi huna. Njia ya tatu ndiyo ya amani. Ukitaka kujaribu ya kwanza, anza kufunika mwishoni mwa Septemba badala ya Oktoba, na tumia chumba chenye ubaridi zaidi ulicho nacho.

Kama una kiwanja Arusha, Moshi, Nairobi au Kampala, ishushe ardhini masika yakianza, kisha chukua pingili mbili tatu mwezi wa sita uziweke chunguni. Kichaka kinajipambia kwa wakati wake, na pingili unazifunika Oktoba kwa ajili ya meza. Huku kuchanganya njia mbili ndiko ninakokupenda zaidi kwa watu wa nyanda za juu zisizo na sakitu.

Kama uko Makete, Njombe au penye baridi kama hiyo, baki na chungu, na kiingize ndani miezi ya sakitu.

Kama uko London, Minneapolis au Oslo, uamuzi ni kati ya ya kwanza na ya tatu, na swali ni moja: nani atakuwa nyumbani kila jioni kuanzia Oktoba hadi Novemba? Ukikosa jibu, mboji.

Kama uko Maskati au Dubai na una baraza lenye kivuli, chungu kinawezekana mradi kiangazi kipite ndani. Wengi huona miezi mitano ya kiyoyozi kwa ajili ya mmea mmoja ni ghali.

Na kama mpaka sasa bado unasitasita, huna haja ya kuamua Januari. Endelea kuumwagilia kwa kiasi mpaka mwezi wa tatu, pogoa, na usubiri wiki tatu hivi. Ukichipua kwa nguvu, una mmea wa kuendelea nao kwa njia ya kwanza au ya pili. Ukitoa vichipukizi viwili vya kusuasua, au usipotoa kitu, chungu kioshwe.